Kokwa za Tende na Meza ya Kutetemeka

Vijana wa ukumbini, mmenitumia ujumbe kwenye simu mkiuliza mambo mawili. La kwanza, namna ya kupima muda wa mchezo kwenye meza ya umeme, maana tangu niondoke kila Ijumaa mnagombana. La pili, kama mnaweza kuliandika jina la Haji kwenye ukingo wa meza pamoja na mabingwa, maana mmesikia habari zake mkamwonea huruma. Nitajibu yote mawili, ila kwa mpangilio wangu. Mtu akistaafu hupata haki moja tu, nayo ni kutokatizwa.

Habari za mshahara sitaandika. Mshahara wangu anaujua mke wangu, na mpaka leo hajaridhika nao. Vyeo sikuwa navyo. Shule niliishia darasa la nne huko Tanga, na sikumbuki kama kuna mota iliyowahi kukataa kuzunguka kwa sababu hiyo.

Nilianza Doha kwenye karakana ya kusuka mota, Industrial Area, miaka ya elfu mbili mwanzoni. Siku ya kwanza fundi mkuu, Mhindi wa Kerala aliyeitwa Reji, hakuniuliza cheti. Alinitupia mota ya pampu iliyoungua akasema, "Nusa." Nikanusa. "Kumbuka hiyo harufu. Ukiisikia tena umechelewa." Hilo ndilo lilikuwa somo la siku nzima. La pili lilikuja baada ya wiki: chombo cha umeme kipime joto kwa mgongo wa mkono, usikipime kwa kiganja, kwa sababu kiganja kikipigwa na umeme hufumba na kung'ang'ania. Nilisuka mota pale miaka kadhaa. Tulilala chumba kimoja watu wa nchi nne, na sote tulikubaliana jambo moja tu, kwamba anayepika samaki apike nje.

Kisha kompaundi moja ya Al Wukair ikatafuta mtu wa kutunza ukumbi wa michezo. Siku hizo Al Wukair ilikuwa mchanga na kuta mpya, ukitoka nje ya geti huoni kitu ila kuta nyingine zinazojengwa. Mudiri, yaani meneja wa nyumba zile, akaniuliza, "Unajua michezo?" Nikamjibu, "Najua vinavyoharibika." Akanipa funguo. Nilizishika funguo hizo mpaka mwaka niliorudi nyumbani, na hakuna siku zilipopotea.

Ukumbini kulikuwa na meza ya biliadi, meza ya tenisi, na kiyoyozi kilichokuwa na umri wa kuheshimiwa. Meza ya umeme ililetwa na Mister Dan, Mmarekani aliyekuwa mwalimu na mkazi wa pale. Aliiweka juu ya meza ya kulia chakula, akachomeka transfoma, akabonyeza swichi. Bati lote likaanza kuvuma. Juu yake watu ishirini na wawili wa plastiki, wamevaa kofia ngumu kama mafundi wa ujenzi, wakaanza kutetemeka na kutembea. Wengine wakaenda mbele, wengine wakazunguka pale pale, mmoja akaelekea ukutani akabaki huko.

Nikamuuliza, "Hawa wana malaria?"

Mister Dan akacheka mpaka akavua miwani. Ndio mpira wa kwao, akasema, ule wa kushika kwa mikono. Kila mtu anasimama juu ya kibao chenye vimeno laini vya plastiki chini yake. Meza ikitetemeka, vimeno ndivyo vinavyomtembeza. Ukivikunja kidogo kwa ukucha unamfundisha kwenda kulia au kushoto. Mmoja hubebeshwa kipira cha sufu, kidogo kama punje ya mahindi. Unapanga watu wako, mwenzako anapanga wake, mnawasha. Aliyebeba kipira akiguswa na adui, mnazima na kupanga upya. Akivuka mstari wa mwisho, alama sita, nasi tulizihesabu kama mstari mmoja. Kule kuwasha mpaka kuzima sisi tulikuita mtikiso. Mtikiso ni wa kufumba na kufumbua, lakini kupanga ni kwa kadiri mtu anavyojipenda.

Na hapo ndipo matatizo ya muda yalipozaliwa. Mister Dan alipima kwa saa ya ukutani: robo nne, mshale ukifika pale mnasimama. Akicheza na mwanawe ilitosha, kwa kuwa walipendana. Mkataba wake ulipokwisha aliondoka akaiacha meza. Wageni wa Doha wakiondoka huacha vitu vya aina tatu: paka, mazulia, na vyombo wasivyoweza kufungasha. Paka tulikuwa nao wa kutosha, lakini meza niliipokea.

Mudiri aliruhusu wafanyakazi kucheza Ijumaa alasiri, kwa kuwa wakazi peke yao walikuwa wachache. Wapo wengi waliopita, lakini wawili ndio walioifanya meza iwe na maana. Mmoja ni Odhiambo, Mkenya wa kompyuta, mkazi wa kompaundi, ana gari lake kubwa jeupe. Mwingine ni Haji, mlinzi wetu wa getini, mtu wa Makunduchi, mwembamba, mtaratibu, analala Industrial Area kwenye vyumba vya kampuni yake na kuja kwa basi la kampuni. Odhiambo alikuwa na mbeba kipira aliyempa jina la Chairman. Haji wake alimwita Shemeji. Nilipomuuliza kwa nini, akasema, "Kwa sababu haalikwi, lakini kila siku anafika nyumbani."

Kila mwaka tulifanya mashindano, na bingwa alichorwa jina lake kwenye ukingo wa mbao kwa chuma cha moto. Mchoraji nilikuwa mimi. Odhiambo tayari alikuwa na jina lake pale. Haji hakuwa nalo, na alilitaka. Akifuta vumbi ule ukingo, nafasi iliyo wazi aliifuta mara mbili.

Sasa saa ya ukutani. Mtu akishaongoza hana haraka tena. Odhiambo akiongoza aliinama juu ya Chairman kama daktari wa macho.

"Odhiambo, unapanga watu au unapanga harusi?" Haji akamuuliza siku moja.

"Tulia, bana. Saa ndio inakimbia, si mimi."

"Umemgusa huyo mtu mara sita."

"Ana mgongo. Nambembeleza."

Saa ikaisha Chairman bado anabembelezwa. Nikaona hii saa inampima mtu mwenye subira ya dhambi, mchezo wenyewe haiupimi.

Njia ya pili ilikuwa adhana. Tulianza baada ya swala ya alasiri na kumaliza adhana ya magharibi ikilia. Ilikuwa na uzuri wake, kwa sababu sijawahi kuona mtu akibishana na muadhini. Lakini majira ya baridi alasiri ya Doha ni fupi, mchezo unakufa kabla haujachangamka, na kiangazi unarefuka mpaka watazamaji wanasinzia. Tena mwenye kuongoza aliendelea kubembeleza. Adhana ilimaliza ubishi wa lini tuache, ila haikugusa ule wa nani anapoteza wakati.

Njia ya tatu aliileta Reji. Alikuja kunitembelea Ijumaa moja, nikamwonyesha meza. Aliinama kusikiliza uvumi wake kama mtu anayesikiliza kifua cha mgonjwa. Akasema, "Hii inaimba chini."

Nikamwambia meza ni nzima, nimeifungua mwenyewe.

"Meza nzima. Umeme ndio wa hapa. Kwao Amerika umeme unapiga mara sitini kwa sekunde, hapa unapiga hamsini. Transfoma yako inapunguza nguvu tu, mapigo haibadilishi. Hawa watu wanatembea polepole kuliko kwao."

Nikafahamu kwa nini ile hesabu ya robo ya Mister Dan haikutukaa sawa. Alikuja na saa ya kwao kwenye umeme wa huku. Reji akachukua saa ya zamani ya betri, akaiunga na swichi ya meza kwa waya mbili: meza ikiwaka, saa inatembea, meza ikizimwa, saa inasimama. Kazi safi, nadhifu, hata leo naisifu. Mtu abembeleze mpaka achoke, saa haimhesabii.

Ila mtikiso ni mfupi mno. Ili saa ile itimize robo moja, watu walipanga na kupanga, karaki, ile chai ya maziwa ya Doha, ikaletwa, ikanywewa, ikaletwa tena. Na Doha, vijana, saa si moja. Mwenye gari ana saa yake na mwenye basi ana yake. Basi la Haji liliondoka getini kwetu mara tu baada ya swala ya magharibi. Dereva, mtu wa Peshawar, alikuwa akiswali msikitini kwetu, akitoka anapiga honi mara mbili, ya tatu anaipigia barabarani. Na kanuni tuliyoachiwa na Mister Dan ilisema anayeondoka ameshindwa.

Fainali ya kwanza chini ya saa ya Reji, Haji alikuwa mbele kwa mistari miwili. Honi ikalia.

"Nenda, ndugu yangu," Odhiambo akasema, ameegemea kiti na kikombe chake. "Mimi niko tu."

Haji akamtazama Shemeji, akachukua kofia yake ya ulinzi, akakimbia. Nilichora jina la Odhiambo. Mwaka uliofuata wamelingana, honi ikalia tena. Nikachora tena. Siku hiyo hata Odhiambo hakushangilia, alisema tu, "Hii ni ushindi ya kuokota."

Haji alinijia siku moja nikifungua ukumbi. Alisimama mlangoni mpaka nikamwambia aingie.

"Mzee Mbwana, mkataba wangu unaisha baada ya sikukuu. Narudi kwetu moja kwa moja."

"Heri."

"Sitaki unipendelee. Nataka kumaliza mchezo mmoja tu na yule bwana mpaka mwisho."

"Na jina?"

Akatabasamu. "Jina nalitaka, Mzee wangu. Nalitaka sana. Lakini mtu hawezi kushinda kitu kisichokwisha."

Nilikaa na maneno hayo. Alasiri yake nilikuwa nakula tende, kokwa nazitema kwenye kikombe cha karaki kitupu, na kikombe kikajaa. Hapo nikaona njia ya nne. Acheni kuhesabu dakika. Hesabuni mitikiso.

Fanyeni hivi. Chukueni kokwa za tende, zioshwe, zianikwe juu ya paa mpaka ziwe kavu na za kijivu. Wekeni vikombe viwili mezani. Cha kulia kiwe na kokwa ishirini, hiyo ndiyo robo moja. Kila mtikiso ukiisha, mpima muda ahamishe kokwa moja kwenda kikombe cha kushoto, mbele ya macho ya wote. Cha kulia kikiwa kitupu robo imekwisha. Kila mtu anaona umri wa mchezo uliobaki, na hakuna wa kuuliza saa ngapi. Kilichopita kinasikika kikidondoka.

Odhiambo alipoiona akauliza lile nililolitarajia. "Na nikipanga pole pole mpaka kesho?"

Nikatoa mfukoni saa ya jikoni ya kuchemshia mayai. Unaizungusha, inahesabu, inapiga kengele. Kengele ikilia, mwenzako ana ruhusa ya kubonyeza swichi hata kama hujamaliza. Mara ya kwanza ilipolia, nusu ya watu wa Odhiambo walikuwa bado wamelala chali. Haji akabonyeza.

"Ai! Watu wangu wamelala!"

"Wataamka kwa kelele," Haji akasema, na Shemeji akapita katikati yao kama mtu anayekwenda kununua mkate.

Fainali ya mwisho ya Haji iliangukia mwezi wa mfungo mosi, siku chache baada ya sikukuu. Haji alikuwa amefunga, katika zile sita zinazofuata Ramadhani. Nilipiga hesabu tutamaliza kabla ya magharibi kwa nafasi nzuri. Lakini robo ya tatu transfoma ilipata joto la kukataa mgongo wa mkono, nikazima kila kitu. Watu walipiga kelele. Nikawaambia harufu nikiisikia nitakuwa nimechelewa, na waliotaka kuona moto waende kwa mchoma kuku. Tulikaa mpaka ikapoa. Nafasi yetu nzuri ikaliwa yote.

Kwa hiyo adhana ilitukuta robo ya nne, kokwa chache zimebaki, Odhiambo mbele kwa mstari mmoja, na kanuni yetu ilisema mkilingana anashinda aliyevuka wa mwisho. Nilikuwa nimemwekea Haji sahani ya tende na maji kwenye kona ya meza. Akafuturu amesimama, macho kwa Shemeji. Mimi nilikuwa nimeinama chini ya meza kuikagua transfoma. Kati ya adhana na swala kuna muda kidogo, na sote tulijua upande wa pili wa swala kuna honi.

Mtikiso ukapigwa. Kokwa ikadondoka kushoto. Mwingine, kokwa. Shemeji alikuwa anakaribia. Haji alipanga kwa utulivu, kengele ya mayai haikumkuta hata mara moja. Nikahamisha ile niliyoihesabu kuwa ya ishirini wakati Shemeji amesimamishwa na Chairman mwenyewe, upana wa kidole kutoka mstarini.

Nikatazama kikombe cha kulia. Kulikuwa na kokwa moja.

"Bado moja!" Haji akapaza sauti. Sikuwahi kumsikia akipaza sauti, hata getini.

Odhiambo akachungulia. "Ni kweli, iko. Haya, panga."

Ukumbi mzima ukajongea. Upana wa kidole, mtikiso mmoja, na Shemeji hajawahi kukosa njia ya nyumbani. Sitasema moyo ulinienda mbio, mimi nilikuwa nahesabu, na hesabu yangu ilisema ishirini zimekwisha. Nikaitoa ile kokwa. Ilikuwa imelowa. Rangi ya kahawia inayong'aa, na utando mwembamba wa tende bado umeshika ubavuni.

Nikauliza, "Nani kafuturu hapa?"

Aliyefunga alikuwa mmoja tu. Haji akatazama sahani yake. Tende moja imepungua, lakini kokwa yake haikuwepo. Akatazama mkono wake, kama vile mkono ungemweleza ulikoitupa. Mtu aliyekulia nyumba yenye adabu akila tende hatupi kokwa sakafuni. Hutafuta kikombe. Na kikombe kilikuwa pale, tena kina kokwa ndani.

"Ni yangu," akasema. "Wallahi sikujua, Mzee."

"Najua hukujua."

Odhiambo akakuna kichwa. Huyu bwana nimemsema sana humu, basi na hili niliseme: alikunja mikono ya shati akasema, "Mzee, wacha acheze. Mtikiso moja haiui mtu. Akipita, amepita, jina uandike lake. Mimi sina neno."

Watu wakapiga makofi. Wote wakanitazama. Wachezaji wote wawili wangekubali, mngeniuliza basi kuna ubaya gani. Ubaya ni kwamba nilikuwa mpima muda. Mpima muda akianza kugawa huruma, Ijumaa ijayo kila mtu atakuja na huzuni yake mfukoni.

Nikasema, "Kokwa za mchezo zimekwisha. Hii ni ya futari."

Nikaiweka mbele ya Haji. Haji akaichukua ile kokwa, akaifuta kwa kidole gumba, akaitia mfuko wa shati lake la ulinzi. Kisha akamnyoosha Shemeji, aliyekuwa ameinama kidogo, akampa Odhiambo mkono.

"Umenifunga, bwana."

"Kwa kidole, Haji. Kwa kidole tu."

"Hata kwa ukucha. Umenifunga." Akanigeukia. "Mzee Mbwana, umeona? Leo nimefungwa mimi. Basi halijafika."

Wenye kuswali tukaenda kuswali. Tulipotoka honi ililia mara mbili. Miaka yote niliyomjua, nilizoea kumwona akilikimbilia lile basi ameshika kofia. Siku hiyo alitembea, na dereva wa Peshawar akamsubiri, sijui kwa nini. Nilirudi ukumbini nikapasha chuma moto, nikachora jina la Odhiambo kwa mara ya nne. Hilo ndilo nililochora vizuri kuliko yote, kaangalieni.

Basi, la kwanza nimelijibu. Kokwa ishirini kwa robo, saa ya mayai kwa kupanga, mgongo wa mkono kwa transfoma. Kokwa ziwe kavu, na mpima muda aziguse zote kabla ya kuanza. Sahani ya tende ikae meza nyingine, yenye kikombe chake.

La pili ni fupi zaidi. Msimwandike. Najua mnaona ni wema, na yeye yuko mbali, nafasi kwenye ukingo ipo. Lakini Haji alingoja miaka kumaliza mchezo mmoja, na aliumaliza. Mkimchora pale mtakuwa mmemrudisha kwenye basi.

Hunipigia simu kila sikukuu. Ana duka la vifaa vya baiskeli Makunduchi, na sauti imenenepa. Tukimaliza kusalimiana lazima aulize, kama mtu anayeulizia mgonjwa.

"Mzee Mbwana, ile nafasi iliyo wazi. Haijaandikwa jina langu?"

"Haijaandikwa."

"Ahsante, Mzee wangu."

Halafu tunaulizana habari za watoto.